Ndege Namba 403: Watu 67 Walioshuka Salama Goma

Alhamisi tarehe 9 Januari 2020, ndege ya mizigo ya Jeshi la Anga la Afrika Kusini iliruka kutoka Beni, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kuelekea Goma. Ilikuwa C-130, ile ndege nene yenye injini nne ambayo wenzetu wanaoishi Centurion na Pretoria wameizoea angani. Namba yake jeshini ni 403. Ndani walikuwamo abiria 59 na wafanyakazi 8 wa ndege. Ilipokuwa inatua Goma ilipata ajali, na injini ya bawa la kushoto ikashika moto. Watu wote 67 walitoka salama.

Habari hiyo ilipita haraka, kama zipitavyo habari za ajali zisizo na msiba. Pasipo na kaburi hapajengwi mnara, wala watoto hawafundishwi tarehe yake shuleni. Hata hivyo, ndugu wasomaji, katika jarida hili la kuadhimisha Uhuru wetu tumeona ajali ile inastahili kurasa kadhaa. Ndege namba 403 karibu ni rika la Uhuru wenyewe. Ukifuata maisha yake tangu siku ilipofika Afrika Kusini hadi siku ilipowaka moto Goma, unaipata historia ya nchi yetu na nchi hii tunamoishi, tangu zilipokuwa maadui hadi askari wake walipokaa kambi moja. Ni historia ambayo watoto wetu waliozaliwa Johannesburg wana haki ya kuijua, na wakati mwingine wana haja nayo.

Safari fupi, kiwanja kigumu

Kutoka Beni hadi Goma kwa anga hakuzidi sana kilomita 240. Mtu anaweza kuuliza kwa nini wasiende kwa gari. Jibu liko barabarani. Njia inapita Butembo, Lubero na Rutshuru, katika milima na misitu ambako vikundi vyenye silaha vimekuwa vikivizia misafara kwa miaka mingi. Kwa hiyo mwanajeshi, mfanyabiashara na mgonjwa, kila mwenye uwezo wa kupata kiti, hupanda ndege.

Lakini Goma nako si mahali pepesi pa kutua. Mji uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, mwinuko usiopungua sana na huu wa Johannesburg. Hewa ya huko juu ni nyepesi. Ndege hugusa ardhi kwa kasi kubwa zaidi kuliko ingekuwa Dar es Salaam au Tanga, na huhitaji nafasi ndefu zaidi ili isimame. Kaskazini mwa kiwanja kuna mlima wa volkano wa Nyiragongo, kusini kuna Ziwa Kivu, na nyumba za watu zimesogea hadi karibu na uzio. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ililipuka. Lava ikashuka, ikapita katikati ya mji na kufunika sehemu ya kaskazini ya njia ya kurukia ndege. Kwa miaka mingi baada ya hapo marubani walitumia kipande kilichobaki.

Wakazi wa Goma wanajua gharama yake. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege ya abiria ya shirika la Hewa Bora ilishindwa kupaa, ikapita mwisho wa kiwanja na kuangukia mtaa wa Birere wenye soko na watu wengi. Makumi ya watu walikufa. Tarehe 24 Novemba 2019 ndege ndogo ya abiria iliyokuwa inakwenda Beni iliangukia nyumba za watu muda mfupi baada ya kuruka. Waliokuwamo ndani walikufa, na wengine waliuawa wakiwa majumbani mwao.

Kutoka siku hiyo hadi tarehe 9 Januari ni siku 46 tu. Njia ni ileile ya Goma na Beni, ila upande wa pili. Watu wa mtaani walipoona moshi kiwanjani, bila shaka mioyo yao iliruka. Safari hii hapakuwa na jeneza.

Ndege ya mwaka 1963

Sasa turudi nyuma miaka 57.

Afrika Kusini ilipokea C-130 zake saba za kwanza kutoka Marekani mwaka 1963, zikapewa namba 401 hadi 407. Zilikabidhiwa Skwadroni ya 28, ambayo makao yake yako katika kambi ya anga ya Waterkloof, karibu na Pretoria. Namba 403 ilikuwa miongoni mwa hizo saba. Kwa watoto wapendao ndege: injini zake zina tabo ya gesi ndani kama jeti, ila nguvu hiyo inatumika kuzungusha propela. Mabawa yake yamewekwa juu ya mwili, magurudumu yake ni imara, na nyuma kuna mlango mkubwa unaoshuka kama daraja. Iliundwa kubeba askari na mizigo na kutua hata pale ambapo hakuna lami.

Mwaka huohuo wa 1963, mwezi Mei, viongozi wa Afrika walikutana Addis Ababa na kuunda Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Kamati yake ya Ukombozi ikapewa makao Dar es Salaam. Tanganyika ilikuwa haijatimiza hata miaka miwili ya Uhuru. Nchi nyingi huru za Afrika zilifunga anga zao kwa ndege za Afrika Kusini, na shirika la ndege la nchi hii likalazimika kuzunguka bara letu kwa upande wa bahari ya magharibi ili lifike Ulaya. Mwezi Agosti Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likazitaka nchi zote ziache kuiuzia Afrika Kusini silaha, na mwaka 1977 zuio hilo likawa la lazima.

Kwa hiyo ndege namba 403 ilianza kazi upande ule ambao baba na babu zetu walikuwa wakiupinga. Ilikuwa mali ya jeshi lililolinda ubaguzi wa rangi. C-130 za skwadroni yake zilihudumia vita vya Namibia na Angola. Tarehe 4 Mei 1978, C-130 pamoja na ndege nyingine za mizigo ziliwaangusha askari wa miavuli juu ya Cassinga, kusini mwa Angola, palipokuwa na kambi ya Wanamibia wa SWAPO. Mamia waliuawa siku hiyo.

SWAPO hao si wageni kwetu. Wapiganaji wao wa mwanzo waliwahi kukaa Kongwa, mkoani Dodoma.

Kongwa, Morogoro, Mazimbu

Msomaji mdogo aliyezaliwa hapa huenda hajawahi kusikia majina haya, basi tuyaeleze.

Kabla hata hatujapata Uhuru, mwaka 1961, Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba Tanganyika isingejiunga na Jumuiya ya Madola ikiwa Afrika Kusini ya ubaguzi ingebaki humo. Usiku wa Uhuru, tarehe 9 Desemba, bendera na mwenge vilipandishwa kileleni Kilimanjaro, ili mwanga ule uonekane hata nje ya mipaka. Mwezi mmoja baadaye, Januari 1962, Nelson Mandela aliondoka nchini kwake kwa siri. Akafika Mbeya, kisha Dar es Salaam, akaonana na Mwalimu. Hakuwa na pasipoti. Serikali yetu changa ndiyo iliyompa hati ya kusafiria.

Kongwa ilifunguliwa mwaka 1964 kwa ajili ya wapiganaji wa vyama vya ukombozi vya kusini mwa Afrika. Morogoro ilikuwa makao ya ANC, na mwaka 1969 chama hicho kilifanyia hapo mkutano wake mkubwa wa ushauri, chini ya uongozi wa Oliver Tambo. Kila tunapotua Johannesburg tukitoka likizo nyumbani, uwanja tunaoshukia unaitwa kwa jina lake.

Baada ya mauaji ya wanafunzi wa Soweto yaliyoanza tarehe 16 Juni 1976, vijana wengi walikimbia nchi. Tanzania ikatoa ardhi Mazimbu, katika shamba la zamani la mkonge nje kidogo ya mji wa Morogoro. Pale ANC ilijenga shule, ikaipa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Baadaye kikaongezwa kituo cha Dakawa. Palikuwa na madarasa, mashamba, karakana na hospitali. Watoto wa Afrika Kusini walizaliwa pale na kujifunza Kiswahili. Wengine walizikwa pale, na makaburi yao yapo hadi leo. Mwaka 1992 majengo yote yalikabidhiwa kwa Tanzania, na sasa ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo inayobeba jina lilelile la Mahlangu.

Tanzania haikuwa nchi tajiri. Miaka ile wazazi wetu walipanga foleni ya sukari, sabuni na unga. Katika hali hiyo waliwapokea wageni na kuwapa ardhi.

Bendera mpya juu ya ndege ileile

Tarehe 27 Aprili 1994 wananchi wote wa Afrika Kusini walipiga kura kwa mara ya kwanza. Jeshi la zamani likaunganishwa na wapiganaji wa Umkhonto we Sizwe na wa vyama vingine kuwa jeshi moja la taifa. Waliowahi kufanya mazoezi Kongwa sasa walikuwa na haki ya kuzipanda ndege zilizowahi kutumika kuwapiga wenzao. Ndege namba 403 haikutupwa. Ilifanyiwa ukarabati mkubwa pamoja na wenzake, ikawekewa vyombo vipya vya urubani, ikaendelea na kazi chini ya bendera mpya.

Mwaka 2013 historia ilipiga hatua ambayo wazee wa Kamati ya Ukombozi wangeifurahia. Kundi la M23 lilikuwa limeshauteka mji wa Goma kwa siku kadhaa mwishoni mwa 2012. Tarehe 28 Machi 2013 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 2098 na kuunda, ndani ya ujumbe wa Umoja wa Mataifa wa MONUSCO, kikosi cha kujibu mashambulizi, FIB, chenye askari 3,069. Nchi tatu zilitoa askari wake wa miguu: Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa.

Hivyo Mtanzania aliwaongoza vitani askari wa Afrika Kusini, na helikopta za Afrika Kusini zikawasaidia Watanzania kutoka angani. Mwezi Agosti meja mmoja wa JWTZ aliuawa karibu na Goma. Mwezi Novemba M23 wakatangaza kuacha vita. Baadaye kazi kubwa ya kikosi ikahamia Beni, dhidi ya waasi wa ADF. Huko gharama ilikuwa kubwa zaidi. Tarehe 7 Desemba 2017, siku mbili tu kabla ya sikukuu yetu, kambi ya Semuliki ilishambuliwa usiku, na Watanzania wasiopungua 14 wakapoteza maisha. Novemba 2018 askari wa Malawi, Chancy Chitete, aliuawa akimwokoa Mtanzania aliyejeruhiwa. Umoja wa Mataifa ulimpa Chitete nishani yake ya juu kabisa ya ushujaa.

Hiyo ndiyo Beni ambayo ndege namba 403 ilitoka tarehe 9 Januari 2020. Ilikuwa safari ya kawaida ya kuwahudumia walinda amani. Kwa wanajeshi wa nchi hizi tatu, ndege za namna hiyo ndizo zilizokuwa daraja la kuwafikisha kambini na kuwarudisha. Zilibeba chakula na vipuri, majeruhi, na mara nyingine majeneza yaliyofunikwa bendera.

Kwa nini watu 67 kutoka salama ni jambo la historia

Wapo watakaosema kwamba ajali isiyoua ni bahati tu, na bahati haina historia. Bahati ipo, na sisi tunaomwamini Mungu tunashukuru. Lakini ndege ya mizigo haikai juu ya bahati peke yake. C-130 hubeba fundi wa injini anayesoma vipimo wakati rubani anatazama mbele. Hubeba msimamizi wa mizigo, ambaye kabla ya kuruka huhakikisha kila sanduku limefungwa, ili ndege ikisimama ghafla lisije likawaponda watu. Huyohuyo huwaonyesha abiria milango, na hatari ikitokea ndiye huwatoa. Mazoezi haya hufanywa tena na tena katika siku ambazo hakuna linalotokea, hata wengine huona yanachosha. Faida yake huonekana siku moja, kwa dakika chache, bawa linapowaka.

Na ndege yenyewe ilikuwa na umri wa miaka 57. Wengi wetu tunaosoma jarida hili ni wadogo kwake. Nchi zetu hazina fedha za kununua ndege mpya kila muongo, kwa hiyo zinategemea mafundi wanaokesha wakibadilisha bomba, waya na boliti ili chombo cha zamani kiendelee kuaminika. Majina yao hayatajwi. Katika jumuiya yetu hapa Johannesburg wapo mafundi wa magari, wauguzi, walinzi na madereva ambao kazi yao nzuri nayo haitajwi, kwa sababu matokeo yake ni kwamba hakuna baya lililotokea. Ndugu hao wanaielewa habari hii kuliko wengi wetu.

Barabara ya kurudi

Historia haikuishia hapo. Mwishoni mwa mwaka 2023 nchi hizohizo tatu zilipeleka tena askari mashariki mwa Kongo, safari hii chini ya bendera ya SADC. Januari 2025 M23 waliuteka tena mji wa Goma. Askari 14 wa Afrika Kusini waliuawa katika mapigano ya Sake na Goma, na Malawi na Tanzania nazo zikapoteza vijana wao. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa. Lami ile ambayo 403 iliigusa ikiwaka haikuweza tena kumpeleka mtu nyumbani.

SADC ilipoamua mwezi Machi kusitisha kazi ya kikosi chake, askari hao walitoka kwa barabara. Walipita Rwanda, wakavuka mpaka na kuingia Tanzania, wakapokelewa Chato, mkoani Geita, kabla ya kurudishwa kwao. Miaka 63 baada ya Mandela kufika Mbeya, wana wa Afrika Kusini waliopita katika shida walipata tena njia kupitia ardhi yetu.

Tunawaandikia haya hasa ninyi watoto wetu. Tunajua baadhi yenu mmeitwa makwerekwere shuleni au kwenye teksi. Tunajua wazazi wenu wanakumbuka Mei 2008, ghasia zilipoanzia Alexandra na kusambaa, watu zaidi ya 60 wakauawa, na familia zetu nazo zikajifungia ndani. Mtoto akiulizwa kwa dharau kwamba watu wenu waliwahi kuifanyia nini nchi hii, asijibu kwa hasira wala asinyamaze kwa aibu. Aeleze habari za Kongwa na Mazimbu. Aeleze pia kwamba Beni na Goma, Mtanzania na Mwafrika Kusini wamelala kwenye handaki moja. Na aseme kwamba deni hili lina pande mbili, kwa maana vijana wa Afrika Kusini nao wamekufa wakipigana bega kwa bega na wetu.

Wazazi, tunaomba jambo moja. Katika jumuiya yetu wapo wazee waliofanya kazi Morogoro na Dodoma miaka ile, na zipo familia zenye ndugu waliotumikia JWTZ huko Kongo. Waulizeni sasa, wakiwa bado wapo, na watoto waandike majibu yao katika daftari, kwa Kiswahili, hata kama kimechanganyika na Kizulu na Kiingereza. Wakienda likizo Morogoro, wapelekwe Mazimbu wayaone makaburi na majengo kwa macho yao. Na siku C-130 itakapopita juu ya nyumba zenu ikielekea Waterkloof, waonyesheni, muwaambie habari za mwenzake namba 403, iliyofika nchi hii miaka miwili baada ya Uhuru wetu, na siku ile ya Goma ikawashusha salama watu 67.

Tunawatakia nyote heri ya Sikukuu ya Uhuru. Mungu ibariki Tanzania, Mungu ibariki Afrika.